Katika Filme Bibi Yangu Anasimama

Wewe mwenye umetoka mule ndani ya matenti ya wagonjwa wa ile homa ya damu, ngozi ya mikono inabanduka kama ya mutoto mupya, batu wanakupigia makofi kwenye mulango na wanakupa sabuni na kikwembe ya kujifunga: ngoja kwanza. Ile makofi itaisha. Utarudi nyumbani, na nyumbani kuko ugonjwa ya pili inakungojea. Juu ya ile ya kwanza redio ilisema kila siku. Juu ya ile ya pili hakuna mutu alinionya, njo maana ninaandika.

Mimi ni Katembo, muuza-viazi wa Butembo. Masomo yangu iliisha siku baba alikufa, nilikuwa mudogo. Nilianza na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ninashusha viazi ya batu toka Musienene, mizigo inanipita urefu, breki ni kisigino yangu. Leo niko na depo ya viazi na kamioneti, gari ndogo ya mizigo, na hakuna mutu alinipatia bure. Donc, basi, usinisome kama unasoma masikini wa kuhurumiwa. Jicho moja tu njo ilibaki, lakini inatosha.

Bibi yangu Masika alishikwa na homa wakati wa kuvuna maharagi. Mimi nilikuwa Beni, kule Mulekera, ninauza mizigo, na barabara ilikuwa imefungwa juu ya masasi ya waasi. Nilikawia. Nilipofika nyumbani nilikuta kitanda wazi. Binti yetu Kavira alikuwa amemupeleka mama yake kwenye chumba ya maombi, kwa mama mumoja wa mutaa yetu. Nyumba ndogo ya mbao, matela chini, wagonjwa wamelala wamebanana, wanawekewa mikono na wanaimbiwa. Ile wakati Butembo nzima ilikuwa inasema kama kwenye matenti wanaingiza batu wazima na wanatosha inje maiti. Kavira aliamini, yeye mwenye masomo kunipita.

Nilipiga ule mulango.

"Kavira, fungua."

"Tata, bako mu sala. Ngoja bamalize."

"Mama yako anatapika damu, unaniambia ningoje?"

"Ukimupeleka kule utamuua, Tata. Utamuua na mikono yako."

Nilisukuma na bega. Bega yenye ilizuia chukudu kwenye miteremuko ya Musienene, mulango ya mbao itaishinda? Nilimubeba Masika mugongoni, nikamulaza katika kamioneti. Kavira akasimama mbele ya gari, mikono juu ya kifuniko ya injini yenye moto. Nilipiga honi. Nikasogea polepole, polepole, mpaka akatoka. Katika vitu yote niliona nikiwa na macho mawili, ule uso nyuma ya kioo njo hautoke.

Wengine wataandika juu ya dawa. Mimi sijui dawa. Ninajua harufu ya klore, ile dawa ya kusafisha, inaingia mpaka ndani ya uji. Ninajua kuketi kwenye kiti ya plastiki, mbali na mwenzako, unangoja damu yako ijibu, na hakuna mutu anamuangalia mwingine kwenye macho, kwa sababu kila mutu anahesabu nani ametapika. Mugongo yenye ilimubeba bibi yangu njo ilinipatia ugonjwa. Waliniweka katika chumba ya plastiki karibu na yake. Nilimuona. Alinyanyua mukono kidogo, kama mutu anapungia gari yenye haitasimama.

Alikufa asubuhi moja, jua ikiwa imeanza kupiga kwenye plastiki. Niliona wanamufunga, wanamubeba. Nilikuwa na serumu, maji ya dawa, kwenye mukono. Nilipiga plastiki na ngumi, lakini plastiki haitoe sauti.

Kuko jambo moja ndogo nzuri nitakuambia, maana sitaki useme muzee huyu ni uchungu tupu. Wauguzi walikuwa wamefunikwa mpaka macho, jina imeandikwa kwenye kifua na kalamu ya maraka. Lakini mumoja alikuwa amepona ile ugonjwa kabla yetu, haiwezi kumushika tena, anaingia bila kujifunika sana, anaketi kabisa kwenye kitanda. Alinilisha viazi ya kuchemusha. Nilitema.

"Hii viazi ni ya wapi? Ni maji tupu. Haitoke Masereka hii, kule kwenye viazi ya kweli."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Akawaita wenzake: "Muzee ameanza kutukana! Huyu anapona!"

Na kweli nilipona.

Masika walimuzika batu wenye nguo nyeupe. Kamba ilivutwa, Kavira akasimama nyuma ya kamba. Ndugu za Masika, kule kwao Masereka, walisikia kwa telefone. Kwetu mutu akikufa, batu wanaketi kwenye moto wa kilio, ndugu zake wanasimamia kaburi na macho yao, na mwisho vichwa vinanyolewa. Kwa Masika hakukuwa moto, hakukuwa wembe. Mutu mwenye batu wake hawajanyolewa hivi hajamaliza kufa. Anakaa tu kati ya nyumba.

Sasa ile ugonjwa ya pili.

Nywele zilitoka. Magoti ilianza kuuma kama ya mutu mwenye amebeba mulima. Masikio ilikuwa inalia nzige. Kwenye soko wanunuzi walisogea pale nilifika: nikishika viazi, ile viazi haiuzike tena. Hiyo nilivumilia, uoga wa batu unapita. Mvua ya pili iliponyesha walirudi, maana tumbo haina kumbukumbu.

Lakini Kavira. Alipika, alifua, hakukosa kitu. Sahani yangu aliiweka kwenye kiti, anarudi nyuma, anakwenda kula kwenye jiko. Mbele niliwaza anaogopa ugonjwa. Siku moja nikamuona anamufuta machozi na kamasi mutoto wa jirani mwenye homa, na mikono wazi, bila uoga hata kidogo. Pale nikaelewa. Huyu haogope. Huyu ananichukia.

Batu wa matenti walimutuma mama mumoja wa kusikiliza batu. Kila akikuja: "Muzee, unajisikia namna gani?" Nikamujibu: "Kama kiazi yenye baridi ilishika. Inje nzuri, ndani nyeusi." Aliipenda sana ile neno. Alirudi kuniuliza tena, nikamuambia mama, neno ni ileile, hata wewe sasa unajua viazi.

Kisha jicho. Kwanza nyekundu, kisha moshi, kisha moshi haiondoke. Muganga wa macho alikuwa Beni. Tulikuwa tunakwenda na gari nyingi pamoja, askari mbele, askari nyuma, kila mutu anachungulia pale musitu unakaribia barabara, maana waasi wanatokea mule. Kule tunaketi kwenye benchi tangu asubuhi, sisi wote tulitoka matenti, wengi wana shida ya macho. Kulikuwa mama mumoja Muislamu, bwana yake alikuwa dereva wa kamioni. Kila mara alinishikia nafasi kwenye benchi na kikapo yake. "Keti, Baba, kabla bamacho-nzima hawajaichukua." Tulicheka kama wajinga. Mvua ikaisha, viazi ikapandwa, ikavunwa. Jicho ya kuume ilipona. Ya kushoto ilikufa.

Njo pale katekista Kambale alikuja nyumbani.

Kambale siku ya posho, ile juma mosi, anapiga video ya mandoa. Siku ya Mungu anafundisha dini. Na kikundi chao cha sala walianza kutengeneza filme za kuponya vidonda vya moyo. Sitasema mabaya tupu. Walikuwa wamefanya moja juu ya mama mwenye alikimbia mapanga upande wa Beni na akasamehe. Niliona bamama wanaiangalia na wanalia kile kilio yenye ilikuwa imekwama miaka. Filme inaweza kufanya kazi, kama wembe inaweza kufanya kazi.

"Muzee," Kambale alisema, "Mungu amekupatia historia. Haiko yako peke."

"Ya nani sasa? Ulikuwa kwenye serumu na mimi?"

"Muzee, hapana kasirika. Tunataka tuonyeshe batu kama kuko uponyaji. Tutaomba na ile kamioneti."

"Ah. Njo historia yenyewe unataka, ile yenye magurudumu ine."

Akacheka. Kisha akasema Kavira amekubali kucheza mama yake. Ile ilinipiga. Nikamuangalia Kavira kwenye mulango wa jiko. Akarudi kwenye sufuria yake.

Nikafikiri hivi: mutoto atalala kwenye ile matela, atabebwa mugongoni, atalazwa katika gari. Ataiona toka ndani. Labda ataelewa nilifanya nini. Kama muganga, benchi na mama wa kusikiliza hawakuweza, labda kamera.

"Niko na neno moja," nikamuambia Kambale. "Onyesha gari inamupeleka kwenye matenti. Onyesha alikufa kule. Na onyesha mimi nilipona kulekule. Ukitosha hata kimoja, usitaje jina ya bibi yangu."

"Ndiyo, Muzee. Filme ni ya ukweli."

Walipiga sehemu nyingi, mimi niko kwenye depo. Filme haifuate njia ya maisha. Ya mwisho wanaweza kupiga mbele, ya mbele nyuma. Mazishi waliiacha mwisho, kwenye kilima ya Musienene, kwa shamba ya rafiki. Seremala alituazima sanduku ya maiti. Kambale akaona wabebaji wanatembea kama batu wanabeba kikapo tupu, akaniomba uzito. Nikamupatia gunia ya viazi, ya Masereka, ile kubwa. Waliimwanga ndani, wakapigilia misumari.

Kwa kupata batu wa kutosha wa kulia, Kambale alikuwa ametuma neno kwa Wakristo wa milimani: tunahitaji batu kwa mazishi ya Masika. Neno ilipanda toka kilima mpaka kilima, na ilipofika Masereka hakuna mutu alikumbuka kuongeza kama ni filme. Batu wa Masereka walisikia kitu walikuwa wanangoja. Wakakuja.

Wakakuja na vichwa vimenyolewa mbele, maana kilio ilikuwa imekawia sana. Na mbuzi, na maharagi, na sufuria, na majembe yao. Mbele yao shemeki yangu Muhindo, kaka ya Masika, mutu wa mashamba mwenye sauti ya kuita batu ngambo ya bonde.

"Tumekuja kuzika dada yetu," alisema.

Kambale akakimbia: "Muzee Muhindo, karibu! Mais, lakini, hii ni filme, unaona? Hii ni kamera. Masika alishazikwa."

"Na nani?"

"Na... batu wa kazi."

"Wewe ulikuwa pale? Mimi nilikuwa pale? Katembo alikuwa pale?" Akapiga sanduku na kiganja. Ilijibu sauti nzito. "Sanduku iko. Uzito iko. Shimo iko. Ndugu wako. Nini inakosekana?"

Ndugu wakainyanyua sanduku. Hata mimi, mwenye nilijua ndani ni viazi, nikawafuata.

Basi wakazika. Muhindo alikataa kina ya shimo, akachimba tena. Kijana wa kamera alikuwa amesimama pale sanduku inapita, Muhindo akamusukuma na kiwiko: "Toka kwa njia ya marehemu." Kambale analia kamera isimame, "Coupez! Coupez!" na bamama wanazidi tu, wanamuita Masika kwa majina ya utoto yenye mimi bwana yake sikuijua. Padiri mumoja muzee alikuwa amekuja kuangalia tu. Akavaa stola yake, ile kitambaa ya shingo ya kuombea maiti.

Kavira siku ile hakuwa na kazi ya kucheza, yeye njo alikuwa maiti. Alikuwa amevaa kikwembe ya mama yake. Bamama wa Masereka walipomuona walianguka. Akapita katikati yao, akakuja upande wangu wa kushoto, upande wenye hauone, nikasikia tu mukono wake unafungua wangu na unaweka udongo ndani.

"Mbele yako kidogo, Tata. Pale. Mwanga udongo."

Nikamwanga. Ile njo ilikuwa mara ya kwanza ananigusa tangu chumba ya maombi.

Jioni Muhindo akaninyoa yeye mwenyewe, wembe inapita juu ya mifupa ya kichwa, na nikalia kama mutoto. Tulikula mbuzi. Ile usiku nililala. Batu wananiuliza kama viazi ilichipuka pale. Batu wa muji! Kiazi ukiizika kwa kina ya mutu haichipuke. Inaoza. Na ilikuwa muzuri ioze.

Kama ningeweza kukomea hapa, ningekuambia: pigeni filme, mutapona. Lakini Kambale alituita kuangalia.

Ilikuwa mchana, katika sale, ile ukumbi ya parokia, madirisha imefunikwa na mashuka, jenereta inanguruma inje. Sale ilijaa. Muhindo alishuka toka Masereka na koti yake ya ndoa. Tuliketi mbele, Kavira katikati yetu. Kwa jicho yangu moja, mule gizani, picha ilikuwa maji-maji, donc nilisikiliza zaidi.

Nilisikia nyimbo za chumba ya maombi. Nilisikia mutu mwenye alicheza mimi, anapiga mulango, anapiga kelele, sauti ya mulevi. Nilisikia kamioneti yangu mwenyewe, injini yake ninaijua kama kikohozi yangu. Lakini walikuwa wameweka chini yake ile muziki wanaweka shetani akiingia. Kisha kimya. Kisha sauti ya Kavira, nyembamba, inaimba. Batu wote wakashangilia.

"Nini?" nikauliza. "Anafanya nini?"

Muhindo akajibu polepole: "Anasimama. Anatoka kwa mulango, anacheka. Wewe umepiga magoti, unaomba musamaha." Akainama mbele ya Kavira. "Shemeki, sasa sisi tulizika nani?"

Matenti hawakuonyesha. Kifo hawakuonyesha. Mazishi yote ilitupwa. Kambale aliniambia kisha, macho chini: "Batu walikuwa wanaangalia kamera, tena Muzee Muhindo alitusukuma. Tulikuwa na miisho mbili, kikundi kikachagua. Batu wanahitaji tumaini." Nikamuambia tumaini yenye inatembea juu ya maiti ya bibi yangu akaitafute kwa bibi yake.

Lakini pale katika sale sikumutafuta Kambale. Nilimugeukia Kavira.

"Ulijua?"

"Nilijua, Tata. Walinipiga picha nikisimama, kabla ya mazishi."

"Na ukakubali."

"Nilitaka kuona mama anasimama. Mara moja tu." Akanyoosha kidole kwenye picha. "Niliiangalia kwenye kamera, nikawaomba wairudishe, wairudishe tena."

Nikageuza jicho tena kwenye picha.

Mashuka ikatoshwa, Kambale akashika mikro, akamuita Kavira atoe ushuhuda. Akapanda. Mbele hajafungua kinywa, mama mumoja akasimama kule nyuma, mutoto mugongoni, kichwa ya mutoto inalala upande.

"Dada, samahani. Mutoto wangu iko na homa tangu juzi. Ile nyumba ya maombi iko mutaa gani? Nimupeleke leo."

Vichwa vyote vikamugeukia Kavira. Nilijua kitu gani iko inapimwa pale, na haikuwa mutoto wa yule mama peke, ilikuwa na wangu. Kambale alikuwa anacheka kidogo, anangoja amina. Kavira alishika mikro na mikono mbili.

"Mama, usiende kule," alisema. "Mama yangu hakusimama. Alilala kwenye ile matela siku na siku, akachoka. Baba alikuja kumutosha, mimi nikamufungia mulango. Nilikuwa nimesimama mbele ya gari. Kama hatungekawia, labda angepona, sijui. Hakuna mutu anajua. Lakini baba hakumuua. Mimi niliimba, yeye akamubeba, na ugonjwa ikamuingia pale kwenye mugongo." Akamurudishia Kambale mikro. "Mupeleke mutoto kwenye hospitali, kisha muombe njiani."

Hakuna mutu alipiga makofi. Wengine walikasirika, wakasema anaharibu imani. Muhindo alisimama, koti na yote, akasema na ile sauti yake ya bonde: "Kamioneti iko inje!" Yule mama akapanda. Mutoto alikuwa na malaria tu. Tu! Nayo inaua.

Sasa nitakuambia mwisho yake, na usingoje sukari. Filme haikufa. Iko inauzwa katika kadi za telefone toka Butembo mpaka Beni, na katika kila telefone Masika anasimama na mimi ninapiga magoti. Kuko batu wanaishika kama dawa. Kambale alitengeneza ingine, anasema itakuwa ya ukweli. Sikumuazima gari. Magoti inauma kila mvua, jicho haitarudi, na kuko siku ninapita karibu na ile nyumba ya mbao, ninatema mate chini.

Wewe mwenye umetoka sasa: watakuja kwako na kamera, na watakuja na uso ya wema. Usikatae mbio. Lakini zika batu wako kwanza, hata kama hauna maiti, hata kama ni gunia. Nyoa kichwa. Kisha wapige filme yao.

Kavira alihamia Mulekera, anauza viazi yangu kule. Juma moja alikuja, tukala kwenye sahani moja, mikono yetu inagongana katika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akaniambia mutu wa pikipiki mwenye alimubeba alimuangalia sana kwenye kioo.

"Ee, dada! Si wewe njo ule mama alifufuka?"

"Hapana. Mimi ni mutoto wake. Yeye alikufa."

Mutu wa pikipiki akaongeza mwendo, wakapita soko, wakapita kizuizi ya askari. Kisha akauliza, kwa heshima: "Na mulimuzika?"

"Mara mbili," Kavira akamujibu. "Mara ya pili baba alikuwa pale."